Kompyuta 6, watoto 96, umeme wa kubahatisha: TEHAMA darasa la sita naifundishaje jamani?

Mwl_Tandahimba (mleta mada)

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huku Tandahimba, tena siyo mjini, ni ndani ndani huko. Nafundisha Sayansi na Teknolojia darasa la sita mikondo miwili, ukijumlisha ni watoto 96. Mwaka huu wahisani walituletea kompyuta 11 za mezani, used, siku hiyo tukaimba tukapiga picha utepe ukakatwa pilau ikaliwa watu wakaondoka. Wiki mbili baadae zimebaki 6 zinazowaka. Mbili ukiwasha zinalia piii piii piii kioo cheusi, mbili zinawaka zikifika dakika kumi zinajizima zenyewe, na moja ilitoa harufu ya kuungua nikachomoa waya mbio.

Sasa shida yangu siyo mashine tu. Mi mwenyewe kompyuta nimejifunzia stesheneri nikichapa barua za kuomba kazi. Chuoni TEHAMA tulisomea ubaoni, mkufunzi anachora kibodi na sisi tunachora kibodi, na hivo hivo nimejikuta nafundisha. Juzi nimetoa zoezi la kutaja sehemu kuu za kompyuta, wamepata karibu wote, nikafurahi. Alafu nikawaingiza chumbani. Mtoto aliyepata kumi kwa kumi kashika mausi kaiinua juu anailengesha kwenye kioo kama rimoti ya tivii. Sikumcheka, maana siku yangu ya kwanza pale stesheneri sikuwa tofauti sana.

Umeme upo, nguzo za REA, wale wa umeme vijijini, zimefika, ila unakatika unavotaka. Luku inanunuliwa kwa fedha ya ruzuku, ikiisha imeisha tunasubiri. Intaneti ni bando langu la simu. Ninacho na kile kishikwambi tulichogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, kioo kimepasuka pembeni ila kinafanya kazi.

Kwahiyo naomba mnisaidie, kipindi ni dakika 40, mashine 6, watoto 96, nawagawaje? Na nikishawagawa nifundishe nini hasa kitakachomfaa mtoto wa hapa, maana kufungua na kufunga tu sioni kama ni elimu. Na la mwisho, mwalimu mkuu anasema chumba kifungwe mpaka aletwe mwalimu wa kompyuta, anaogopa zikiharibika ataulizwa yeye. Simlaumu kwa kweli.

---

Korosho_Ghafi

Mwalimu pole na majukumu ila mi ntakwambia ukweli ambao wengine hawatakwambia. Hao 96 ni wangapi wanasoma kwa ufasaha? Mi nimekulia Newala naijua hali, mtoto yupo la sita anasoma neno moja moja kama anakanyaga mawe. KKK kwanza mkuu, kusoma, kuandika na kuhesabu. Kompyuta atakutana nayo mbele huko, ukubwani, hata mi nimejifunza nikiwa na miaka 24 na sa hivi nakula kwa kompyuta. Alafu Oktoba ikifika si unajua, nusu ya darasa lipo mikoroshoni linaokota, utamfundisha nani hiyo mausi?

---

MamaWawili_Lindi

Kaka Korosho hapo sikubaliani na wewe, na siyo kwa nadharia, kwa jambo lililotukuta nyumbani kwetu.

Baba yangu yupo Mtama, analima ufuta. Msimu uliopita kauza mnadani kupitia chama cha msingi, hela ikaingia. Mzee macho hayaoni vizuri, simu yake anasomewa na mjukuu wa darasa la tano anayeishi nae. Jioni moja ikaingia meseji, ile ile tunayoijua wote, ile hela tuma kwenye namba hii. Na kwa bahati mbaya kweli mzee alikua anadaiwa na fundi wa bati, walishaongea asubuhi. Mtoto kasoma kwa sauti, mzee kasema haya mtumie, mtoto katuma. Laki na themanini. Namba ya siri ya mzee mtoto anaijua kwa sababu nani mwingine angeiingiza?

Sasa we unasema kompyuta atakutana nayo ukubwani. Huyo mtoto yupo la tano na ndo benki ya ukoo mzima! Hakukosea kusoma, kasoma vizuri tu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba meseji ni kama mtu anayebisha hodi usiku, kwanza uliza ni nani.

Kwahiyo mwalimu we anza na hapo hata kama hizo mashine zote 11 zingekufa. Andika ubaoni meseji nne, mbili za kweli mbili za matapeli, watoto wabishane ipi ni ipi na wamejuaje. Wafundishe kwamba ukiambiwa fulani kabadilisha namba unampigia kwenye ile ya zamani unayoijua, siyo ile iliyotuma. Kwamba namba ya siri haiombwi na mtu yeyote hata akisema anatoka kampuni ya simu. Kwamba ile namba ya tapeli unaituma kwenda 15040. Na wawaambie wazazi wapige *106# waone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao, mi nilipopiga yangu nilikuta laini ambayo siijui kabisa, nikaenda kuifuta.

Mtoto wangu mwenyewe sa hivi akiletewa simu anauliza "hii namba unaijua?" mpaka inakera, lakini bora inikere.

---

Korosho_Ghafi

Dada angu hapo umenipiga. Pole kwa mzee. Ila bado nasema hilo linafundishika bila kompyuta 11 za kukata utepe.

---

MamaWawili_Lindi

Ndo nilichosema na mimi, rudi usome 😂

---

Fundi_Masasi

Mwalimu habari. Mi natengeneza kompyuta na simu hapa Masasi, naomba niingilie kwenye hizo tano mnazoziita mbovu kwa sababu nahisi tatu zinapona bila kununua kitu.

Zinazolia piii piii, hiyo mara nyingi ni ramu, kile kibao cha kumbukumbu ya kompyuta, imelegea njiani. Zimetoka mbali hizo, zimepigwa na barabara. Chomoa waya wa umeme kabisa, siyo kuzima tu, chomoa, subiri kidogo, fungua ubavu, utaona kibao kirefu chembamba kimekaa kwenye mfereji na vibano viwili pembeni. Bonyeza vibano, kitoe, zile meno za rangi ya dhahabu zisugue taratibu na raba ya mwanafunzi ile nyeupe ya kufutia penseli, pangusa vumbi la raba, rudisha mpaka vibano vijifunge vyenyewe. Washa. Kama kuna vibao viwili jaribu kimoja kimoja.

Zinazojizima baada ya dakika kumi ni joto. Fungua utakuta feni ya katikati imevaa koti la vumbi. Toa nje, safisha na brashi laini ya rangi, feni uishike na kidole isizunguke wakati unapuliza. Kama bado inajizima basi ile pesti iliyopo kati ya prosesa na bati lake imekauka, hiyo niletee mimi.

Sasa ile ya harufu. Kabla hujawasha nyingine yoyote kaangalie nyuma, pale waya wa umeme unapoingia, kwenye nyingi za zamani kuna kiswichi kidogo chekundu kimeandikwa namba. Zikitokea nchi kama Marekani zinakuja zimewekwa volti 115, sisi umeme wetu ni 230. Ukichomeka hivo power supply, kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme, inakufa papo hapo na ndo hiyo harufu. Nimeshaona sehemu zimekufa nne siku moja, watu wanashangilia msaada huku nyuma moshi. Kikiwa kwenye 115 kisukume kiende 230 na kalamu, mashine ikiwa haina umeme.

Na umeme ukikatika chomoa zote. Siyo kukatika kunakoua, ni kurudi. Umeme ukirudi subiri utulie ndo uchomeke.

Kuhusu programu, hizo kama ramu ni giga 2 usihangaike na Windows mpya, itakua kama kumbebesha punda kontena. Weka Linux nyepesi, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, mfano Lubuntu au Mint ya XFCE, hazinunuliwi, na vile virusi vya flashi vinavyogeuza folda kuwa shotikati havitakusumbua. Ndani weka GCompris, ina michezo ya kumzoesha mtoto mausi na kibodi, haitaki intaneti. Scratch, ile mtoto anatunga programu kwa kupanga vitofali, toleo la 1.4 inakubali hata mashine kongwe. Alafu kuna Kiwix, unapakua Wikipedia ya Kiswahili nzima mara moja tu, inakaa kwenye flashi, unaisambaza kwenye mashine zote. Mei 2024 zile nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu nchi nzima inalia intaneti, kuna shule moja nilishawawekea hiyo kitu, watoto walikua wanasoma habari za sayari kama hakuna kilichotokea.

---

Mwl_Tandahimba

Fundi Mungu akubariki, kesho nawahi na raba. Hicho kiswichi chekundu nimekiona kwa macho yangu nikadhani ni cha kuwashia!!

---

BiTicha_Mikindani

Mwanangu marahaba. Mi nimefundisha msingi miaka mingi sana na nilikabidhiwa chumba kama hicho chako, mashine 5, darasa lilikua 80 na kitu. Nakueleza nilivyokosea kwanza.

Nilikosea kwa kuwarundika. Watoto watano kwa mashine moja, nikajisifu wote wamegusa. Uongo. Mausi ilishikwa na wavulana wale wale wenye viwiko vigumu, mabinti wamesimama nyuma wanaangalia migongo. Nilikuja kugundua siku nimemwita binti mmoja mwenye akili sana afungue faili, hajui hata paint iko wapi, na alikuwepo vipindi vyote.

Ndo nikatunga dereva, konda na abiria. Watoto watatu kwa mashine. Dereva ndo pekee anayeshika mausi na kibodi, lakini haruhusiwi kuamua. Konda anaamua na kutamka njia, "nenda juu kushoto, kliki mara mbili, andika jina", lakini haruhusiwi kugusa, akigusa anashushwa kituoni. Abiria anaandika kwenye daftari kila hatua waliyopita, na wakipotea ndo yeye anawarudisha. Napiga filimbi kila baada ya dakika 5, wanazunguka. Konda ndo anafikiri kuliko wote, kwa sababu mkono wake umefungwa inabidi aseme kwa maneno yanayoeleweka. Akisema "pale pale" dereva anamuuliza pale wapi. Hicho unachokisikia hapo, mtoto anatafuta neno la kueleza hatua, ndo somo lenyewe la kompyuta. Mausi ni mkono tu.

Kwa mashine zako 6 ni watoto 18 kwa zamu, kipindi kimoja wanaingia makundi mawili ya dakika 15 maana kuingia na kutoka kunakula mda, we usidanganyike na dakika 40. Hao wengine wapo nje chini ya mwembe na hawapo likizo, wanasoma somo lile lile bila umeme.

Huko nje ndo utamu ulipo. Kuna mbinu za kufundisha kompyuta bila kompyuta, Wanyuzilandi wa Chuo Kikuu cha Canterbury wamezisambaza dunia nzima bure, wao wanatumia kadi zenye vidoti. Mi kadi nazipata wapi? Nikachimba vishimo vitano chini, kutoka kulia cha kwanza kinachukua kitu 1, kinachofuata 2, kisha 4, kisha 8, kisha 16. Sheria ni moja tu, shimo linakua limejaa au tupu, hakuna nusu. Haya nipe 13. Wanahangaika, mmoja anapata, 8 na 4 na 1. Andika kuanzia kushoto, tupu ni sifuri, limejaa ni moja, 01101. Nipe 21. 16 na 4 na 1, 10101. Alafu kila mtoto aandike tarehe yake ya kuzaliwa, na hapo wanagundua wenyewe kwamba vishimo vitano vinatosha tarehe zote za mwezi kwa sababu mwisho wake ni 31. Kuna kijana akaniuliza, "Mwalimu nikiongeza shimo la sita?" Nikamwambia chimba uone. Nilimwacha akichimba mpaka kengele.

Ushauri mmoja wa bure, usitumie karanga. Mi nilianza na karanga, kufika kundi la pili shimo la 16 lina karanga 9. Tumia korosho ghafi na ganda lake, hakuna atakayethubutu kuing'ata akaungua midomo.

Alafu bao. Huko kwenu wazee wanacheza bao kila kijiwe, mashimo 32 kete 64, na watoto wanajua kucheza kabla hawajajua kusoma. Mwambie mtoto aandike hatua za kutakata, yani kusambaza kete bila kula za mwenzio, kwa mtu asiyejua bao kabisa, tena mjinga anayefuata neno kwa neno. Wataandika "chukua kete usambaze". Wewe mwalimu unakua ndo huyo mjinga, chukua kete moja, mwaga chini. Watapiga kelele, siyo hivo mwalimu! Kwani mmeandika nini? Wanarekebisha: chukua zote zilizomo kwenye shimo, weka moja moja kila shimo linalofuata, ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete zichukue zote urudie hatua ya pili, ikiangukia shimo tupu umelala, mwachie mwenzio. Hapo umefundisha mfuatano, umefundisha kurudia na umefundisha sharti, na hujawasha kitu. Siku wakiingia kwenye Scratch wakiona kile kitofali cha kurudia wanasema aa, hii si ni bao.

Na hao 96 kila mmoja atengeneze kibodi yake ya boksi, saizi ile ile ya kweli, waiweke mezani wazoee herufi zilipo. Inaonekana kama mchezo lakini dakika 15 za mashine zinaokolewa sana mtoto asipokua anatafuta herufi ya q mpaka kipindi kinaisha.

---

Korosho_Ghafi

Bi Ticha shikamoo. Nimesoma hii yote nimesimama kituo cha basi. Swali la kizushi tu, kwenye kufundisha mnatumia kipanya au mausi? Kenya nao wana tarakilishi. Mtoto si atachanganyikiwa, kitabu kinasema hivi mtaani wanasema vile na kompyuta yenyewe inaongea kizungu?

---

BiTicha_Mikindani

Marahaba baba. Mtoto wa kimakonde nyumbani anaongea kimakonde, kijiweni kiswahili cha mtaani, darasani kiswahili cha kitabu, na hachanganyikiwi, anachanganyikiwa mwalimu. Mi nasema yote mawili, hii ni kipanya mtaani mausi, kwenye mtihani andika kilichopo kitabuni. Yale maneno ya kizungu kwenye mashine nafundisha kama picha. Alama ya kuhifadhi watoto wangu walikua wanaiita kabati, maana ile disketi hawajawahi kuiona maishani mwao, nikaona hata sifuti, kabati ndo panapohifadhiwa vitu. "Konda, mwambie dereva aweke kabatini." Na Scratch mpya unaweza ukaibadili ikaongea Kiswahili kabisa, lile toleo la zamani alilolitaja fundi sina hakika nalo, mwulize yeye.

---

Mratibu_Mstaafu

Naomba nichangie kwenye lile la chumba kufungwa kwa sababu wengi mmeliruka.

Nilikua mratibu elimu kata, nimekagua vyumba vya namna hiyo. Kuna kimoja kilifungwa miaka mitatu kusubiri mwalimu wa kompyuta. Tulipofungua panya walikua wamezaa ndani ya kesi na nyaya wamezitafuna, huku daftari la mali linasema vifaa vipo salama. Mwalimu mkuu wako anaogopa kuulizwa, basi msaidie asiulizwe. Fungueni rejista, kila mashine ipewe namba, kila kipindi kiandikwe tarehe, darasa, mwalimu, imewaka haijawaka, imezimwa saa ngapi. Ipeleke kamati ya shule, muhtasari uandikwe kwamba kamati imeridhia vitumike vipindi vya mchana chini ya mwalimu fulani. Ikiharibika kwa kutumika na imeandikwa hakuna wa kumuuliza kitu. Anayeulizwa ni yule ambaye hana karatasi.

Halmashauri kuna kitengo cha TEHAMA, andika barua kupitia kwa mwalimu mkuu uombe afisa aje siku moja awawekee hizo programu. UCSAF, ule Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, nao wamekua wakipeleka vifaa na kuendesha mafunzo kwa walimu, usikae kimya, shule isiyoandika haijulikani. Na tafadhali msije mkawachangisha wazazi hela ya luku kienyeji, mtaharibu jambo jema, michango ina utaratibu wake.

Jambo dogo jingine. Mnapopiga picha za watoto kwenye mashine mkaweka kwenye magrupu na mitandaoni na majina yao, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ombeni ridhaa ya wazazi. Hilo nalo ni somo la TEHAMA, watoto wanajifunza kwa kuangalia mwalimu anafanya nini na simu yake.

---

Bajaji_Shangani

Mi sina cha kuchangia ila nataka kujua kile kijana alipochimba shimo la sita ilikuaje

---

BiTicha_Mikindani

Alifika 63 akaanza la saba. Nilimnyang'anya jembe.

---

Mwl_Tandahimba

Wakuu nimerudi, zimepita wiki tatu, samahani kwa ukimya, luku ilikata na mimi nikakata.

Mrejesho. Kati ya zile mbili zinazolia, moja imepona kwa raba, nyingine imegoma inalia vilevile. Zile za kujizima nilizitoa nje nikazisafisha na brashi, vumbi lililotoka lingetosha kupanda mhogo, zote mbili zinakaa mpaka mwisho wa kipindi. Kwahiyo sa hivi nina 9. Na fundi, nimezikagua zote nyuma, nne zina kile kiswichi, moja ilikua kwenye 115, ndo ile iliyoungua.

Rejista imefunguliwa, kamati imekaa, mwalimu mkuu kakubali vipindi viwili kwa wiki na ufunguo anakaa nao yeye. Nimekubali, siyo mbaya.

Dereva na konda imeshika kuliko nilivotegemea. Makonda wameshaanza kuimba vituo kabisa, "fungua, fungua, folda ya darasa, tunashusha!" mpaka darasa la pembeni wanalalamika. Kuna binti mmoja mpole sana darasani haongei, ukimpa ukonda anaelekeza kama ana ramani kichwani. Na yule mtoto wa rimoti sa hivi anachora nyumba kwenye paint, bati amelipaka jekundu.

Zile meseji za matapeli nilizofuata ushauri wa Mama Wawili zilileta kizaazaa. Niliandika nne ubaoni, watoto wakaniletea zao kutoka kichwani zaidi ya kumi, wanazijua zote jamani, kuna moja ya kushinda gari sikuwahi kuisikia. Kesho yake mzazi mmoja akaja shuleni nikadhani kuna kesi, kumbe kaja kuniuliza ile namba ya 15040.

Bao ndo limenitoa jasho. Nimefanya mjinga kama ulivosema Bi Ticha, wakanirekebisha, tukafika hatua nzuri kabisa ya kurudia mpaka ulale. Mtoto mmoja akanyoosha mkono, "mwalimu, na ikizunguka haikuti shimo tupu, hatulali?" Nikasema haiwezekani. Akasema babu yake kashawahi kuiona. Jioni nikapita kijiweni kuuliza wazee, wakacheka, wakasema ipo, mara chache ila ipo. Sasa nimemwahidi mtoto jibu Jumatatu. Kompyuta nayo ikizunguka hivo inafanyaje?

---

BiTicha_Mikindani

Inaganda mwanangu, kama hizo zenu zinavyoganda. Mwambie mtoto yeye ndo aongeze sheria ya kuisimamisha. Wengine watasema mizunguko kumi, wengine mia, waache wabishane. Na huyo mtoto mpe salamu zangu.

---

Fundi_Masasi

Hiyo ya piii iliyogoma na ile iliyoungua niletee kwa pamoja, ya kuungua namtoa ramu nampa mwenzake, ukiondoka unaondoka na moja nzima na spea. Na lile toleo la zamani la Scratch usijali lugha, nitakuonyesha ukija. Jumamosi nipo mpaka saa kumi.

---

Mwl_Tandahimba

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi inshallah, mwalimu mkuu ameshasaini kwenye rejista zitoke. Nije na vioo vyake?

---

Fundi_Masasi

Vioo acha. Ila nyaya za umeme njoo nazo, kila mtu ananiletea kesi tupu.